Somo: Old Fashioned ya viungo kwa vifaa vya jikoni kwetu Mtwara

Wadau, habari za jioni. Niliahidi somo la ile bilauri fupi yenye ganda la chungwa, ambayo wageni waliokuja kwa kazi za gesi walikuwa wakiiagiza kila magharibi huku wenyeji wakiitazama kwa mashaka. Inaitwa Old Fashioned. Gazeti moja la jimbo la New York liliandika mwaka 1806 kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na matone machungu (bitters, yaani pombe iliyolowekwa viungo vichungu). Basi. Baadaye mabaa yakazidisha madoido, wanywaji wakachoka, wakawa wanadai wapewe ile ya zamani. Jina likabaki.

Nimesimama kaunta miaka tisa, na kinywaji hiki ndicho kilichoniaibisha kuliko vyote. Mara ya kwanza kukitengenezea viungo nilitia karafuu sita. Sisi watu wa pwani tunajiona mabingwa wa viungo, tunamimina kama tunapika pilau la harusi. Kilichotoka kilinuka kama ile pamba ya mafuta ya karafuu ya mtu mwenye jino bovu. Mgeni alikunywa nusu, akaniuliza kwa upole kama meno yananisumbua.

Kwanza chupa. Bourbon ni wiski ya Marekani. Sheria yao inataka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zake, na izeeshwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani hadi yakawa mkaa. Ule utamu wa vanila unaousikia unatoka kwenye mti uliochomwa, haukutiwa na mtu. Ndiyo maana inapatana na mdalasini. Ukinunua, angalia stempu ya kodi na kifuniko, usije ukauziwa kitu kilichojazwa uani.

Hatua ya 1: Shira
Kila aliyepika kaimati anaijua shira. Tofauti ni kwamba hii usiiache ikavuta nyuzi. Chukua nusu kikombe cha sukari guru iliyokwaruzwa na nusu kikombe cha maji. Tia kijiti cha mdalasini urefu wa kidole, iliki tatu ulizozipasua, karafuu mbili. Nimesema mbili. Sukari ikishayeyuka, acha ichemke taratibu dakika tano, epua, funika dakika ishirini, chuja. Viungo vikibaki ndani, karafuu itaendelea kutoa na kesho utakuwa na dawa ya meno. Weka kwenye chupa safi yenye kifuniko ndani ya friji. Wiki mbili haina neno.

Sukari nyeupe nayo inafaa, ila sukari guru ina ule moshi kidogo unaokwenda na pipa lililochomwa. Mimi sirudi nyuma.

Hatua ya 2: Barafu
Hapa ndipo wengi wanapopotea, hasa kwa joto letu la Desemba. Vipande vidogo vinayeyuka upesi, na dakika tano baadaye unakunywa maji ya rangi. Gandisha maji yaliyochemshwa na kupoa ndani ya kibakuli kidogo cha plastiki, usiku kucha, upate donge moja kubwa. Funika. Friji za nyumba zetu zina samaki, na barafu inanyonya harufu kuliko mwali anavyonyonya udi.

Hatua ya 3: Kupima na kukoroga
Huna kipimo cha toti? Kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari ya mililita kinatosha, ukikiosha vizuri. Mimina kwenye bilauri nzito:

bourbon mililita 60 (vijiko vinne vya chakula),
shira mililita 10 (vijiko viwili vya chai),
matone machungu, mitikiso miwili au mitatu ya kichupa.

Matone hayo kwa kawaida ni ya Angostura, kile kichupa ambacho karatasi yake ni kubwa kupita chupa kama mtoto aliyevaa shati la baba. Yalianzishwa Venezuela mwaka 1824 na daktari Johann Siegert, sasa yanatengenezwa Trinidad. Yakikosekana, loweka kwenye mililita 100 za bourbon hiyohiyo: maganda makavu ya chungwa pamoja na utando wake mweupe (uchungu umo humo), punje kumi za buni iliyokaangwa, karafuu moja. Siku kumi, ukitikisa kila siku, kisha chuja. Si ile yenyewe, lakini inafanya kazi.

Tumbukiza donge la barafu, koroga taratibu huku ukihesabu hadi thelathini. Usitikise kwenye chupa. Itachafuka na kujaa maji. Onja. Ikikuchoma kooni, koroga tena kidogo. Maji yanayoyeyuka ni sehemu ya mapishi.

Hatua ya 4: Ganda
Machungwa yetu hubaki ya kijani hata yakiiva, kwa kuwa hayapati usiku wa baridi wa kuondoa ukijani. Yasikutie shaka, harufu iko palepale. Menya ukanda mpana bila utando mweupe, upande wa nje uelekee bilauri, uminye. Utaona vumbi la mafuta likiruka juu ya kinywaji. Pitisha ganda kwenye mdomo wa bilauri, lidondoshe ndani. Pembeni weka korosho za kukaanga, zenye chumvi.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Masasi: Mkuu, nina Jack Daniel's. Si ndiyo bourbon hiyo?
Jibu: Wenyewe wanaiita wiski ya Tennessee, kwa sababu huchujwa kwenye mkaa kabla ya kuingia kwenye pipa. Kwenye bilauri hii inakaa vizuri kabisa, tumia.

Wa Lindi mjini: Na Konyagi? Tuwe wakweli, ndiyo iliyopo.
Jibu: Konyagi haina pipa ndani yake, kwa hiyo shira itakosa wa kuzungumza naye. Itie ndimu na soda ya tangawizi, utafurahi zaidi.

Wa Newala: Shikamoo mjomba. Msimu wa mabibo umefika, nipa, ile gongo ya mabibo, ipo tele. Hakuna mapishi yake?
Jibu: Marahaba. Hapana. Kwanza ni haramu kisheria. Pili, kwa kuitazama huwezi kujua kilichomo, na pombe ya kienyeji iliyochanganyika na methanoli hupofusha na kuua. Hakuna karafuu itakayoficha hilo.

Dada wa Mikindani: Kaka, mimi sinywi, na nusu ya wageni wangu hawanywi. Tukae tukiangalia wenzetu?
Jibu: Chemsha chai ya rangi nzito, ipoe. Mililita 90 za chai, vijiko viwili vya chai vya shira, barafu kubwa, ganda la chungwa. Matone ya Angostura usitie, yana kilevi. Wengi huniomba hii hata wakiwa wanakunywa.

Wa Nachingwea: Shira yangu imeota chengachenga chini.
Jibu: Uliichemsha mno. Rudisha motoni na maji vijiko viwili, kamulia matone machache ya ndimu. Ndimu huzuia sukari isigande tena.

Wa Mtwara, Shangani: Nina watu kumi na wawili Jumamosi. Nitakoroga bilauri moja moja mpaka asubuhi?
Jibu: La. Chupa moja ya mililita 750 inatosha. Changanya na shira mililita 120, matone machungu vijiko viwili vya chai, na maji safi mililita 180 badala ya yale ambayo barafu ingetoa. Weka kwenye friji mchana kutwa. Wageni wakifika unamimina juu ya barafu na kuminya ganda. Bilauri moja moja kwanza. Bodaboda za kuwarudisha zipangwe mapema.

Wa Shangani tena: Na barafu naigandisha leo? Friza ina changu wawili na pweza.
Jibu: Wale kwanza.