Bharatanatyam sebuleni: miguu kwanza

Nilianza ngoma hii ya Tamil Nadu, kusini mwa India, nikiwa na miaka 34, sebuleni kwangu Ngamiani, Tanga, na nikakosea kwa kukimbilia mikono. Wewe anza na miguu.

Vua viatu. Kutanisha visigino, elekeza vidole vya miguu nje, kisha kunja magoti yafuate vidole, mgongo wima. Huo mkao ndio aramandi. Magoti yakirudi ndani, usishuke sana.

Shika kiuno. Inua mguu wa kulia kwa nyuma, kisigino kikaribie makalio, ushushe unyayo mzima kwa mpigo mmoja: pa! Kisha kushoto. Hii inaitwa tatta adavu. Usiikomoe saruji, mimi niliikomoa nikachechemea wiki nzima. Kichwa kisipande na kushuka, ndiyo maana naweka leso iliyokunjwa utosini. Ikianguka, narudia. Mdundo anagonga mama kwa mti wa kusukumia chapati: polepole, maradufu, halafu mara nne. Hiyo ya mwisho bado inanishinda.

Mikono sasa. Pataka: vidole vinne vimenyooka na kubanana, gumba limekunjwa ubavuni. Ukikunja cha pete peke yake, umepata tripataka. Kinasikika rahisi, lakini kidole cha mwisho nacho hutaka kuinama. Kishikilie kwa mkono wa pili mpaka kizoee. Alama za mkono mmoja ni 28. Mbili kwa wiki zinatosha.

Fanya mazoezi popote, isipokuwa kwenye daladala ya Raskazone. Niliinua pataka, konda akagonga bodi, nikashushwa kabla ya kituo changu.