Kutoka peni tatu hadi mapinduzi: jinsi ya kueleza chanzo cha uasi wa makoloni ya Marekani

Ukimuuliza mtu kwa nini makoloni 13 ya Amerika Kaskazini yaliiasi Uingereza, jibu la haraka ni kwamba kodi zilikuwa nzito. Jibu hilo halisimami. Walowezi walilipa kodi ndogo kuliko raia walioishi Uingereza kwenyewe. Kinachotakiwa kuelezwa ni jinsi ushuru mdogo ulivyozaa swali la nani ana haki ya kutoza, na jinsi swali hilo lilivyofikia kuamuliwa kwa bunduki. Mwongozo huu ni wa anayeandaa insha au somo.

Anza na deni, si na chai. Vita vya Miaka Saba, vya Uingereza dhidi ya Ufaransa, viliisha mwaka 1763 na kuiachia serikali ya Uingereza deni la karibu pauni milioni 130. Juu ya hapo, London ilitaka kuweka askari wapatao 10,000 Amerika, na ikaona ni haki wanaolindwa wachangie gharama. Uandike upande huu bila upendeleo. Ukilichora Bunge la Uingereza kama jitu katili tu, msomaji hataelewa kwa nini lilishindwa kurudi nyuma.

Chora jedwali la safu nne: sheria, kinachotozwa na kiasi chake, walowezi walivyojibu, na Bunge lilivyojibu tena. Safu ya nne ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha ugomvi ukipanda ngazi.

*Sukari, 1764.* Ushuru wa molasi (maji mazito ya miwa) kutoka visiwa vya mataifa mengine ulishushwa kutoka peni 6 hadi peni 3 kwa galoni. Hapa wanafunzi hukwama: umeshushwa, hasira ya nini? Ule wa zamani, wa mwaka 1733, ulikuwa ukikwepwa kwa magendo na rushwa. Huu mpya ulikusudiwa kukusanywa kweli, na mtuhumiwa aliweza kupelekwa mbele ya jaji wa mahakama ya bahari, bila jopo la raia wenzake. Kiwango kilishuka, mzigo ukapanda.

*Stempu, 1765.* Ipe nafasi kubwa kuliko zote. Magazeti, hati za mahakama na leseni zilitakiwa kuwa na mhuri uliolipiwa. Hata karata zilitozwa shilingi 1 kwa pakiti na dadu shilingi 10. Malipo yalikuwa kwa sarafu ya Uingereza, si noti za koloni. Angalia waliobanwa: mawakili, wachapishaji, wafanyabiashara, wenye vilabu vya pombe. Yaani sheria iliwagusa kwa mkupuo watu wenye ulimi, mashine za kuchapa na mahali pa kukutania.

Majibu yao yatenge katika njia tatu. Kwanza maazimio: baraza la koloni la Virginia mwezi Mei, kisha mkutano wa makoloni 9 uliofanyika New York mwezi Oktoba. Pili mitaa: tarehe 14 Agosti watu wa Boston walitundika sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, naye akaahidi kuiacha kazi hiyo. Tatu mfuko: wafanyabiashara waliacha kuagiza bidhaa za Uingereza, na hilo ndilo lililowauma wenye viwanda hadi wakaliendea Bunge lao wenyewe kuomba sheria ifutwe.

Hoja yenyewe iweke wazi. Walowezi hawakuwa na mbunge London, hivyo walisema ni mabaraza yao tu yanayoweza kuwatoza. London ilijibu kwamba kila mbunge anawakilisha raia wote wa mfalme. Mbona hata mji wa Manchester haukuwa na mbunge wake? Jibu hilo liliridhisha Uingereza, lakini upande wa pili wa bahari halikumridhisha karibu yeyote.

Katika safu ya nne andika mambo mawili pamoja: tarehe 18 Machi 1766 sheria ya stempu ilifutwa, na siku hiyohiyo ikapitishwa nyingine iliyosema Bunge lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote. Insha nyingi huishia kwenye shangwe ya kufutwa, halafu haziwezi kueleza yaliyofuata.

*Ushuru wa Townshend, 1767.* Ushuru huu, wenye jina la waziri wa fedha wa Uingereza, Charles Townshend, uliwekwa kwa vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Usihangaike sana na viwango. Uliza pesa ilikwenda wapi. Sehemu ilikusudiwa kuwalipa magavana na majaji. Katika makoloni mengi mishahara hiyo ilitoka kwa mabaraza ya wenyeji, na kwa kuishikilia waliweza kumrudi gavana. Waliona hatamu inawatoka mkononi. Askari waliletwa Boston mwaka 1768, na tarehe 5 Machi 1770 risasi zao ziliua watu watano. Mwaka huohuo ushuru ulifutwa, isipokuwa wa chai, peni 3 kwa ratili, ili haki ya kutoza isipotee.

Miaka ya 1770 hadi 1772 ipite upesi, ila taja kamati za mawasiliano, za kupashana habari kati ya miji, zilizoanzia Boston mwaka 1772.

*Chai, 1773.* Kosa linalorudiwa mno ni kusema bei ilipandishwa. Sheria iliipunguzia gharama Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ili chai yake ishindane na ya magendo. Kwa walowezi huo ulikuwa mtego: ukinunua rahisi, umelipa peni 3 na kukiri haki ya Bunge.

Eleza pia kwa nini chai ilimwagwa baharini Boston, na kwa nini usiku ule. Meli ya Dartmouth, iliyobeba chai, ilifika tarehe 28 Novemba, na ushuru ulitakiwa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo forodha ingekamata shehena. Watu walitaka meli irudi na mzigo wake. Hutchinson, gavana wa Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, alikataa kutoa kibali. Muda ulikuwa ukingoni. Usiku wa tarehe 16 Desemba masanduku 342 yakamwagwa baharini kutoka Dartmouth, Eleanor na Beaver.

*Adhabu, 1774.* Kuanzia hapa kodi si kiini tena. Kwa kuadhibu kumwagwa kwa chai, Bunge lilifunga bandari ya Boston, na katiba ya Massachusetts ikabadilishwa kwa nguvu. Makoloni mengine yaliona kesho yao. Septemba, makoloni 12 yalikutana Philadelphia, yakasusia bidhaa za Uingereza na kuagiza kila mji uchague kamati ya usimamizi. Kamati hizo zilitangaza gazetini majina ya waliovunja mgomo. Zilikuwa zimeanza kutawala kabla ya mapigano ya kwanza ya vita, ya Lexington na Concord, tarehe 19 Aprili 1775.

Kagua kazi yako. Futa sentensi yoyote inayodai walowezi walitaka uhuru tangu 1765: hata Julai 1775, damu ikiwa imeshamwagika, walimwandikia Mfalme George III kuomba suluhu, naye akakataa kuupokea waraka. Futa pia "walowezi wote", maana wengi walibaki upande wa mfalme.

Mwisho lisome Azimio la Uhuru la 1776 ukiwa na jedwali mkononi. Kodi bila ridhaa imepewa mstari mmoja tu. Lalamiko la kunyimwa jopo liunganishe na 1764, la Bunge kujipa mamlaka ya kutunga sheria katika jambo lolote na 1766, la mishahara ya majaji na 1767, la kubadilisha mifumo ya serikali na 1774.