Namna ya kukadiria umbali na muda wa safari ya ndege kutoka Mombasa

Muda wa safari ya ndege haukadiriki kabla ya kuujua umbali, na kwa mtu aliye Mombasa umbali huo hupatikana kwa kalamu na karatasi, mradi awe na latitudo na longitudo za viwanja viwili. Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ulioko upande wa Changamwe, upo nyuzi 4 dakika 2 kusini na nyuzi 39 dakika 36 mashariki. Ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, upo nyuzi 1 dakika 19 kusini na nyuzi 36 dakika 56 mashariki.

Toa latitudo ndogo katika kubwa upate nyuzi 2 dakika 43, yaani dakika 163, kisha ufanye vivyo hivyo kwa longitudo upate dakika 160. Kila nahodha anajua kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, nayo ni kilomita 1.852. Mistari ya longitudo husongeana kadiri inavyokaribia ncha za dunia, lakini huku kwetu, jirani na ikweta, msongeano huo ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Zidisha 163 kwa 163, na 160 kwa 160, jumlisha, kisha utafute kipeuo cha pili cha 52,169. Utapata maili 228, ambazo ni kilomita 423.

Hesabu hii inafaa pia kwa Zanzibar na Dar es Salaam. Kwa safari ya Ulaya haifai. Hapo chukua tufe, kaza uzi kati ya miji miwili, kisha upime urefu wa uzi kwa skeli ya tufe. Ramani ya ukutani usiitegemee, kwani nyingi huzitanua nchi za kaskazini kupita kiasi.

Sasa muda. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa ingemaliza kilomita 423 kwa dakika 32, ilhali ratiba huonyesha takriban saa nzima. Sababu ni kwamba saa za tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama kule iendako, kwa hiyo zimo dakika za kutambaa ardhini, za kupanda polepole, na za kusubiri zamu ya kutua. Mimi huongeza nusu saa, na sijakosea sana. Nyongeza hiyo haikui sana umbali unapoongezeka, ndiyo maana safari fupi huonekana kama inajikokota. Ndege ya pangaboi ihesabiwe kwa kilomita 500 hivi kwa saa.

Tofauti ya saa nayo isisahauliwe. Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa zinafuata saa ileile ya Mombasa, lakini Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo anayekwenda huko apunguze saa hiyo anapotoa muda wa kuondoka katika muda wa kufika.

Mwisho, tiketi haihesabu saa kwa Kiswahili. Shemeji yangu aliona 10:00 akaisoma saa kumi, badala ya saa nne asubuhi. Alipovuka feri ya Likoni alasiri, begi begani, ndege yake ilikuwa imeshatua Nairobi zamani.