Kabla ya Kumimina Dawa: Tangi Lililoingiliwa na Madoa Meupe

Samaki akionekana na madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, mguu wa kwanza huwa wa dukani. Unarudi na chupa, unahesabu matone, unamimina, kisha unakaa mbele ya kioo kungoja madoa yadondoke. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, na kati ya neoni (samaki wadogo wa mapambo) kumi na wawili nikabaki na watatu. Dawa ilikuwa nzuri tu, ila sikujua inaua nini.

Lile doa ni kimelea cha seli moja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki. Jina lake la kitaalamu ni Ichthyophthirius multifiliis, na chupa nyingi hulifupisha kuwa Ich. Kikiwa humo, ngozi ya samaki ndiyo inayokikinga, kwa hiyo dawa haikifikii. Kikishashiba hutoboa na kudondoka, hujibandika kwenye kokoto, jani au kioo, hujifunga ndani ya ganda, hujigawa, na watoto mia kadhaa hutoka, hata kufikia elfu moja. Watoto hao huogelea kumtafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili tatu hufa. Hapo wanapoogelea ndipo dawa inapowapata. Kwa hiyo matibabu ni kazi ya kuvizia, na mviziaji huandaa vyombo vyake mapema.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huo. Madoa yake yametengana, kila moja halizidi milimita moja, na samaki hujikuna kwenye mawe huku mapezi ameyabana. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu linalong'aa ukimmulika kwa tochi, huo ni ugonjwa mwingine. Samaki wa dhahabu dume naye akikomaa hutokwa na vipele vyeupe vilivyojipanga kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mapezi ya mbele. Huyo anatafuta jike, mwache. Kwa upande mwingine, samaki anayehema kwa kasi juu ya maji bila doa hata moja anaweza kuwa na vimelea mashavuni, na hali yake ni mbaya kuliko ya yule mwenye madoa mkiani.

Baada ya hapo chukua futi. Watu wengi hawajui tangi lao lina lita ngapi; hukariri namba waliyotajiwa na muuzaji. Pima urefu, upana na kimo cha maji yenyewe kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 90 kwa 35, maji yakiwa na kimo cha sentimita 35, linatoa lita 110. Toa sehemu ya kokoto na mawe, unabaki na kama 95. Aliyeambiwa dukani kwamba ni la lita 126 angemwaga dawa kwa karibu theluthi zaidi, na kwa dawa zenye shaba kosa la namna hiyo huua. Liandike hesabu hilo kwenye karatasi na ulibandike nyuma ya tangi. Siku ya dharura kichwa hakihesabu vizuri.

Joto nalo lataka kupangwa. Maji yakiwa nyuzi 25, mzunguko wote wa kimelea huchukua kama siku 4 hadi 7. Yakiwa nyuzi 10, unaweza kupita mwezi. Kwa sisi wa Nairobi, ambako Julai tangi lisilo na hita hupoa usiku kucha, ina maana kimelea huvuta siku zake nawe unadhani umekimaliza. Ndiyo maana wengi hupandisha maji hadi nyuzi 30, taratibu, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa. Kwa aina nyingi za kimelea hiki, kuzaana husimama kwenye joto hilo. Kwa nyingine hakusimami, basi usilitegemee peke yake. Samaki wa dhahabu usimpeleke huko. Yeye ni wa maji ya baridi. Hita iwe na kama wati moja kwa kila lita, na kipimajoto kiwe kingine, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha hita hudanganya. Stima ikikatika ukiwa kwenye nyuzi 30, funika tangi kwa blanketi ubavuni, juu uache hewa ipite.

Maji ya moto hushika hewa kidogo, na samaki mwenye mashavu yaliyoliwa anahitaji hewa zaidi. Kwa hiyo pampu ya hewa iwepo kabla ya hita kupandishwa, na ile ya betri, ukiweza, ikae kabatini. Toa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote kabla haijafanya kazi. Sponji yake iache mahali pake. Zima na taa ya urujuanimno (UV) ya kuua vijidudu kama unayo. Kifaa cha kupima amonia usikose, maana baadhi ya dawa, hasa ile ya buluu, huua pia bakteria wanaosafisha maji.

Halafu tazama nani anaishi humo. Konokono na kamba hawavumilii shaba. Kambare na jamaa zake wasio na magamba huumia kwa kipimo ambacho wengine hawakihisi, na chupa nyingi huagiza wapewe nusu. Soma maandishi yale madogo. Maji ya mvua ya kwenye tenki hayana madini, na humo shaba huwa kali zaidi. Dawa ya kijani ya malakaiti hutia doa kila inapogusa, hivyo vaa glavu, na uzime taa kwa kuwa mwanga huichakaza. Usiipeleke kamwe kwenye bwawa la samaki wa kuliwa: Marekani na Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku kwa samaki wa kitoweo. Formalini, dawa nyingine ya madoa haya, yenye machicha meupe chini ya chupa usiitumie kabisa. Machicha yale ni sumu kali kuliko dawa yenyewe.

Mimi kwa tangi lisilo na kambare wala mimea laini huanza na chumvi. Gramu 2 kwa lita, yaani gramu 190 kwa tangi la lita 95, zilizopimwa kwa mizani ya jikoni, zikayeyushwa kwenye ndoo na kuingizwa kwa mafungu matatu ndani ya siku nzima. Watu huteleza hapa: maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, kwa kuwa chumvi haikauki. Ukitoa lita 30 na kuweka mapya, rudisha gramu 60 tu. Nimemwona mtu akirudia kipimo kizima kila alipobadilisha maji, na kufikia juma la pili tangi lake lilikuwa bahari.

Maji ya kubadilisha yaandaliwe usiku uliotangulia, yametolewa klorini na kufikia joto la tangi. Kabla ya kila kipimo cha dawa nyonya kokoto kwa mpira, kwa sababu yale maganda yako huko chini. Utafanya hivi karibu kila siku mbili, basi usianze juma unalosafiri. Siku ya tatu au ya nne madoa huongezeka na watu hubadilisha dawa kwa hofu. Hayo ni ya vimelea waliokuwa wameshaingia ngozini kabla hujaanza. Madoa yakiisha, hesabu siku 7 nyingine kuanzia doa la mwisho katika maji ya nyuzi 25 na zaidi. Mimi huiandika tarehe hiyo kwa penseli ya nta kwenye kona ya kioo.

Na hao samaki wapya ulioahidiwa Jumamosi, wape ndoo ya lita 20 yenye sponji na pampu, chumba kingine, wiki tatu, na wavu wao wenyewe. Wavu ukishatumika, uanike juani hadi ukauke kabisa.