Kufungua ekzosi ya chenso ipate nguvu bila kuua pistoni

Wakuu, hii ni kwa wenzangu mnaoangusha miti na kupasua mbao kuanzia Pangani, Muheza mpaka kule Lushoto. Kutoboa ekzosi ya chenso wengi wanaifanya nusunusu, mtu anatoboa, mashine inalia vizuri, anafurahi, baada ya muda pistoni imekwaruzika na silinda nayo ndo basi tena. Kutoboa ndo kazi rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Elewa kwanza kinachotokea mle ndani. Hizi injini za kuchanganya oili zinatoa moshi na kuingiza mchanganyiko mpya karibu kwa wakati mmoja, sasa ekzosi ikibana moshi wa zamani unabaki na kula nafasi ya mafuta mapya. Nyingi zimebanwa toka kiwandani kwa sababu ya sheria za kelele na moshi za Ulaya na Marekani. Ukiifungua injini inapumua na utaisikia nguvu hasa ukiwa umezamisha baa yote, lile bapa refu linalobeba cheni, kwenye gogo la mtiki. Ila hewa ikiongezeka na petroli ikabaki ileile mchanganyiko unakuwa mkavu, na kumbuka oili inayolainisha pistoni inakuja na hiyohiyo petroli, kwahiyo petroli ikipungua na oili imepungua, joto linapanda, inanoki.

Kabla hujashika drili noa cheni, safisha filta ya hewa, halafu toa ule wavu wa kuzuia cheche kwenye ekzosi uusugue kwa brashi ya waya. Mara nyingi nguvu imepotea hapo tu, wavu umeziba masizi, ukiusafisha mashine inarudi na huna haja ya kutoboa kitu.

Kama bado unataka, ngoja ipoe, fungua bolti za ekzosi uitoe kabisa. Usitoboe ikiwa imefungwa kwenye mashine, chembe za chuma zikiingia silinda umeharibu. Chungulia ndani, ukikuta kitu kama sega la nyuki hicho ni cha kusafisha moshi, achana nayo tafuta ekzosi ya kawaida. Sasa pima tundu la moshi la silinda, upana mara kimo, mfano milimita 30 kwa 14 inakuja milimita za mraba 420. Jumla ya matundu ya kutolea moshi isizidi kama asilimia 80 ya hapo, yaani 336, na mimi nashauri uishie chini yake. Tundu la drili ya milimita 8 ni kama 50 hivi, la milimita 10 ni 78, kwahiyo jumlisha na tundu la zamani ujue unahitaji mangapi. Toboa upande wa mbele, moshi usielekee mkononi, kwenye tanki wala kwenye plastiki. Piga tupa kingo zote, kung'uta, puliza kwa kompresa, weka gasketi nzima. Wavu urudishe na matundu mapya nayo yafunike kwa wavu, hasa mnaofanya kazi Shume kwenye misindano wakati wa kiangazi, cheche moja inatosha kuwasha shamba zima.

Sasa kabureta. Skrubu yenye herufi H ndo ya mafuta ya spidi kubwa. Washa, iache ipate moto vizuri, kisha fungua H kinyume cha saa, robo ya robo ya mzunguko tu kila mara, halafu vuta resi yote kwa sekunde chache usikilize. Bila mzigo inatakiwa mlio uwe unakwarakwara kidogo, ukiingiza kwenye gogo unanyooka na kuwa safi. Ikilia nyembamba kali kama inataka kupaa, au ukiachia resi inachelewa kushuka, hiyo ni kavu, zima hapohapo na ufungue H zaidi kidogo. Usiamini ile spidi tamu ya bila mzigo, ndo inayoua mashine. Baada ya kukata kidogo toa plagi, kahawia ni sawa, nyeupe ni kavu, nyeusi yenye unyevu umezidisha. Mashine zinazojirekebisha zenyewe hazina hizo skrubu, hizo usihangaike nazo.

Na hili la kwetu Tanga watu hawaliwazi kabisa: hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukiseti mashine mjini ukapanda nayo mlimani itakuwa na mafuta mengi, itatoa moshi na kupungua nguvu, haifi. Ila ukiiseti Shume ukashuka nayo Muheza hewa ni nzito, inakuwa kavu, na hapo ndo unaua. Kila ukibadilisha mwinuko seti upya, na kwenye petroli fuata kitabu cha mashine yako, ikisema hamsini kwa moja basi lita 5 weka mililita 100 za oili ya injini hizi, sio oili ya gari.

Kelele nazo zitaongezeka, vaa vizibo vya masikio hata kama ulikuwa huvai. Tanki la kwanza likiisha acha mashine ipoe kabisa, halafu kaza tena zile bolti za ekzosi, joto huwa linazilegeza.