Kusafisha kabureta ya jeti-ski kuukuu ya stroki mbili

Wiki iliyopita nilimsaidia kijana mmoja wa Kigungu, Entebbe. Jeti-ski yake (pikipiki ya majini) inawaka vizuri, ila ukiipa mafuta yote inakohoa na kuishiwa nguvu. Ameshauriwa aiuze, anunue ya injekta, inayopulizia petroli kwenye injini badala ya kutumia kabureta. Nikamwambia asiuze. Kweli injekta inakula petroli kidogo, na sensa zake zinarekebisha mchanganyiko kwa hewa nyepesi ya huku. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Lakini injekta za zamani zinategemea kompyuta na pampu ya presha. Kompyuta ikifa, spana haikusaidii. Kabureta unaimaliza mezani.

Hatua ya 1. Inua kiti, acha mvuke wa petroli utoke, chomoa betri. Toa kabureta.

Hatua ya 2. Kichujio cha ndani. Hapa nilipoteza siku mbili nilipokuwa najifunza. Kabureta ya Mikuni (jina la kampuni) yenye diaframu, yaani utando mwembamba unaosukuma na kupima petroli, haina bakuli kama ya bodaboda, na chini ya kifuniko cha upande wa pampu imeficha kichujio cha wavu, kidogo kama ukucha. Nilisafisha jeti (vipande vyenye tundu dogo vinavyopima petroli) mara tatu bila kujua kichujio kipo. Nilipokitoa, kilikuwa kimezibwa na uchafu wa kijani, unavutika kama mlenda. Unatoka kwenye mipira ya petroli ya kijivu iliyofungwa kwenye mashine nyingi za miaka ya 1990: ndani inaoza, nje unaiona nzima. Kata kipande, kichane kwa wembe, utaona mwenyewe.

Kwa hiyo badilisha mipira yote ya petroli, pamoja na inayoingia kwenye koki ya akiba, na koki yenyewe ifungue uisafishe. Ukibakiza mmoja, kichujio kitaziba tena. Tafadhali usiendelee kuiendesha ikikohoa hivyo: petroli inayofika kwenye injini ikipungua, joto linapanda na pistoni inatoboka.

Hatua ya 3. Puliza matundu kwa kompresa. Waya usiupitishe kwenye jeti, utapanua tundu. Dawa ya kabureta isiguse diaframu. Mimi huweka mpya kila nikifungua.

Hatua ya 4. Funga, jaribu. Ukijaribu nchi kavu kwa maji ya bomba ya kupoza injini, washa injini kwanza ndipo ufungue maji; ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime. Ukikosea mpangilio huo, maji yanaingia kwenye silinda. Kisha ipeleke ziwani, uiendeshe kwa mafuta yote, utoe plagi. Ya kijana ilitoka kahawia. Ikitoka nyeusi na imelowa, petroli imezidi. Hapo ndipo unaanza kufikiria jeti ndogo zaidi.