Via Appia kwa baiskeli: wapi upande, wapi ukokote, wapi uchukue treni

Wanaoniuliza habari za Via Appia, barabara ya kale ya Warumi huku Italia, huanza na kilomita. Nawajibu kwamba kutoka Roma hadi Brindisi, bandari ya kusini, ni zaidi ya 500, lakini hesabu hiyo haimsaidii mtu. Barabara hii imekatikakatika. Kipande kimoja kimebaki na mawe ya Warumi wenyewe, kinachofuata kimemezwa na lami ya barabara kuu ya SS7, kingine kimelala chini ya shamba la mtu. Appius Claudius, kiongozi wa Roma, aliianza mwaka 312 KK kwa ajili ya majeshi, na mwaka 2024 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wewe hujaja na jeshi, kwa hiyo huna sababu ya kulazimisha njia nzima. Hapa naeleza siku mbili tu, zile ninazowapeleka wageni wangu, wengi wao masista na mapadre wa kwetu wanaosoma Roma.

Hatua ya 1: Andaa tairi kabla ya kitu kingine chochote

Mawe ya Appia, Waitaliano huyaita basoli, ni mawe meusi ya volkano yaliyotoka Milima ya Albano. Jiwe moja ni pana kama sinia la pilau, na zamani yalibanana kiasi kwamba usingepata pa kupenyeza kisu. Leo kingo zimelika, migongo imekuwa ya mviringo, na katikati yake kuna mapengo yanayomeza tairi jembamba zima. Mahali pengine utaona mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Usiifuate hata ikionekana kama njia nzuri. Gurudumu la mbele likiingia humo halitoki bila wewe kuanguka.

Mara ya kwanza nilikwenda na baiskeli ya mbio, tairi za milimita 25, upepo umejaa pomoni. Sikumaliza hata kilomita moja ya mawe. Chupa ya maji iliruka, kisha tyubu ya nyuma ikatoboka matundu mawili pacha, kama umeng'atwa na nyoka. Hiyo ndiyo alama ya tyubu iliyobanwa kati ya ringi na jiwe. Tafuta tairi za milimita 40 au zaidi. Siku ya mawe punguza upepo mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba tairi libonyee kidogo, lakini usilegeze sana, maana pancha ya namna ile inatokana na upepo haba pia. Beba tyubu mbili, viraka, bomba na spana. Mzigo ufunge kwa mpira kwenye keria; usivae mgongoni, mtikisiko utakumaliza mabega.

Hatua ya 2: Toka mjini mapema

Anzia Porta San Sebastiano, lango la ukuta wa mfalme Aurelian. Ukitoka tu, tazama ukutani upande wa kulia: kuna nakala ya nguzo ya maili ya kwanza. Maili ya Kirumi ni kama kilomita moja na nusu, na utazihesabu siku nzima.

Kipande kinachofuata ndicho kibaya kuliko vyote vya siku ya kwanza, na vitabu vya watalii havisemi. Njia ni nyembamba, ukuta huku na huku, hakuna pa kupita mtu kwa miguu, na magari yanakimbia. Uwe umeshapita hapo kabla ya saa mbili asubuhi, hasa Jumapili, magari yakiwa machache. Mwenye miguu akifika kanisa dogo la Domine Quo Vadis asiendelee na barabara. Aingie lango la katikati, afuate njia ya miti inayopita juu ya makaburi ya chini ya ardhi ya San Callisto, atokee mbele bila kusukumwa na basi.

Chupa zote zijazwe mjini. Mabomba ya mtaani ya Roma hutiririka usiku na mchana, na maji yake ni ya kunywa.

Hatua ya 3: Baada ya kaburi la Cecilia Metella, acha mawe kwa wenye miguu

Kaburi hilo ni mnara wa duara usioweza kuupita bila kuuona. Mbele yake barabara inanyooka, misonobari na makaburi pande zote, na ndipo watu hufanya kosa la kupanda juu ya basoli kwa sababu ya picha. Piga picha, kisha teremka pembeni. Wapanda baiskeli wamechora kijinjia cha udongo kando ya mawe, upana wake kama kanga iliyokunjwa, kinahama kushoto na kulia kukwepa mizizi. Shika usukani kwa kulegea, inua makalio kidogo kitini, tumia gia nyepesi. Mvua ikiwa imenyesha usiku kijinjia ni utelezi; shuka ukokote.

Hapa utapita ambapo mwaka 71 KK wafuasi 6,000 wa Spartacus, kiongozi wa uasi wa watumwa, walisulubiwa, kutoka Capua mpaka Roma. Utavuka pia juu ya barabara ya mzunguko ya jiji bila kuiona, kwa sababu ilipitishwa chini ya ardhi kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2000.

Kutoka langoni hadi mji mdogo wa Frattocchie ni kama kilomita 16. Mimi huwapa wageni saa nne, siyo mbili. Ukifika, ulizia McDonald's. Sifanyi mzaha: wakati wa kuijenga, mwaka 2014, kilionekana kipande cha barabara ya Kirumi, tawi la Appia, pamoja na mifupa ya watu. Kimehifadhiwa chini ya sakafu ya kioo, na kukitazama si lazima ununue chipsi.

Hatua ya 4: Panda Albano, rudi kwa treni

Kuanzia Frattocchie ni SS7, lami na mlima. Miguu ikikubali, panda mpaka Albano Laziale, kuna stesheni ya treni ya kurudi Roma. Baiskeli hukatiwa tiketi yake kwenye treni za mkoa. Kata kabla ya kupanda.

Hatua ya 5: Siku ya pili, ruka uwanda

Waliosoma Matendo ya Mitume 28:15 wanakumbuka ndugu waliotoka Roma kumlaki Paulo mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Yalikuwa kwenye barabara hii, maili ya 43 na ya 33. Wageni wangu wote hutaka kupita hapo kwa baiskeli, na wote nimewakatalia. Uwanda ule wa Pontina, kusini mwa Albano, zamani ulikuwa mabwawa. Leo ni barabara iliyonyooka makumi ya kilomita katikati ya misonobari, na malori hayapunguzi mwendo. Panda treni ya Formia, usome mstari huo dirishani.

Hatua ya 6: Shuka Fondi, utembee bonde la Sant'Andrea

Kwangu hiki ndicho kipande bora cha Appia yote, na watu ni wachache. Kutoka Fondi fuata SS7 kuelekea Itri hadi kibao cha bonde, kisha vuka upande wa pili. Kama kilomita tatu za barabara ya kale zinapanda ubavuni mwa mlima, zimeshikiliwa na kuta za mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa. Humu kokota, usipande. Utaona mawe ya Warumi na viraka vilivyowekwa na wafalme wa Napoli karne ya 18, na ukiyakanyaga kwa viatu utajua yapi ni yapi, maana ya Warumi yanateleza zaidi.

Juu ya bonde panda baiskeli, jaza upepo tena kwa ajili ya lami, kagua spoki moja moja kwa vidole, kisha teremka kupitia Itri mpaka stesheni ya Formia. Breki ziguse kwa vipindi; mteremko ni mrefu na ringi hupata moto.